Doa Jeusi Chini ya Muguu: Namna Jeni Zinavyosimulia Safari ya Kansere

Wewe unayesoma, vua viatu vyako ukatazame chini ya miguu. Kila asubuhi tunaosha uso na kujitazama katika kioo, lakini unyayo hatuutazami ila siku mwiba unapoingia. Basi kuna ugonjwa mumoja unaopenda pahali pale pasipotazamwa. Jina lake ni melanoma. Ni kansere, ndiyo saratani, ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haushiki watu wengi kati yetu kama malaria au kifua kikuu. Lakini ukimushika mutu, naye akichelewa, unaua kupita kansere nyingi za ngozi.

Jina lile limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya "nyeusi". Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Paris, munganga René Laennec alifundisha kwamba vivimbe hivi vyeusi ni ugonjwa wa peke yake. Ndiye yule aliyetengeneza katika mwaka 1816 chombo cha kwanza cha kusikilizia kifua, kile munachokiona shingoni mwa munganga kila siku. Laennec alifungua maiti, akaona weusi ndani, lakini hakuweza kueleza neno moja linalotusumbua hata leo: kwa nini doa la mutu mumoja linakaa pahali pake miaka mingi, na la mwenzake, linalofanana nalo kwa macho, linatuma seli zake mpaka katika ini na mapafu na ubongo?

Siku hizi jibu limeanza kuonekana. Ukubwa wa doa na rangi yake havitoshi kulitoa. Inapasa kuuliza jeni za seli zake: zipi zimefunguliwa, na zipi zimefungwa.

Kitabu kimoja, nyimbo mbalimbali

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana ambavyo jicho halivioni bila mikroskopi. Karibu kila seli ina ndani yake maandiko ya urithi, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Fungu moja la maandiko yale linaitwa jeni. Mutu ana jeni karibu 20,000 zinazoagiza seli namna ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi za mwili.

Hapo utauliza: kama seli ya jicho na seli ya ini zina maandiko yale yale, mbona jicho si ini? Fikiri kitabu cha nyimbo. Kila mutu katika kanisa anashika kitabu kimoja, chenye nyimbo zilezile. Lakini siku ya arusi wanafungua namba fulani, na siku ya maziko wanafungua nyingine. Nyimbo zingine zinabaki zimefungwa, ingawa zimo kitabuni. Ndivyo na seli. Seli ya ini inafungua jeni za kazi ya ini, na zingine inaziacha kimya. 

Jeni ikifunguliwa, seli inanakili maneno yake katika uzi mwembamba unaoitwa ARN, na kwa nakili ile inatengeneza protini. Wataalamu wanaweza kupima nakili za kila jeni, nyingi au chache. Mutu anayesimama inje ya kanisa haoni waliomo ndani, lakini kwa nyimbo anazosikia anajua kama ni arusi au ni maombolezo. Anayepima ARN ya kipande cha uvimbe anasikiliza namna hii.

Seli inayoacha jirani zake

Seli ya rangi inaitwa melanositi. Inakaa chini kabisa ya ngozi ya juu, kati ya seli nyingine zilizo nyingi kuipita. Kazi yake ni kutengeneza rangi inayoitwa melanini na kuwagawia jirani, ili jua lisiwaharibu. Na jirani wanaishika. Kuna protini inayoitwa kaderini E, iliyo kama mukono: melanositi inashikana nayo na seli za ngozi, nazo zinaizuia isizaane ovyo wala isitembee.

Katika melanoma, mukono ule unaachwa. Jeni ya kaderini E inafungwa, au inasomwa kidogo tu. Pahali pake jeni ya kaderini N inafunguliwa, na huo ni mukono wa namna nyingine, unaoshikana na seli za nyama ya chini na za mishipa ya damu. Ni kama kijana anayevunja urafiki na watu wa nyumba yake na kufanya urafiki na watu wa njiani. Kwanza ugonjwa unatambaa juu juu kwa upana. Kiisha unashuka. Ukifika kwenye mishipa ya damu na ya limfu, njia iko wazi.

Nani anaongoza kubadili nyimbo hizi? Jeni moja inayotajwa sana ni MITF. Hiyo ni kama mwongozi wa waimbaji: inafungua jeni za rangi na zinazosaidia melanositi kuishi. Ikisomwa vya kutosha, seli za melanoma zinashika rangi yake na kuzaana. Ikishuka sana, zinapunguza kuzaana lakini zinaanza kutambaa na kupenya. Katika mwaka 2008 wachunguzi wa Zürich, katika Uswisi, walionyesha katika panya kwamba seli zinaweza kugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine na kurudi tena. Neno hili lanifundisha kuwa na haraka kidogo tu ya kuamini kipimo. Kipande kilichotolewa leo kinasimulia wimbo wa leo, wa pahali pale pamoja palipokatwa, na pembeni ya uvimbe uleule wengine wanaweza kuwa wanaimba namba nyingine.

Ujue tena kwamba jeni za rangi zikifungwa kabisa, melanoma haitakuwa nyeusi. Inaweza kuwa nyekundu au ya rangi ya nyama, kama kidonda kinachokataa kupona. Wengi wanapakwa dawa ya kidonda miezi mingi kwa sababu hii.

Kazi mbili za mwaka 2000

Katika mwezi wa 8 wa mwaka 2000, gazeti la elimu linaloitwa Nature lilitoa kazi mbili katika toleo moja. Zote zilitoka Marekani, na zote zilisikiliza jeni elfu nyingi za melanoma kwa mara moja.

Ya kwanza ilifanywa kwa uvumilivu mwingi. Wachunguzi walitia seli za melanoma katika mushipa wa panya. Chache zikafika kwenye mapafu na kuota pale. Wakazitoa zile chache, wakazikuza, wakazitia katika panya wengine. Wakafanya hivi tena, kama mukulima anayechagua mbegu, mpaka wakapata seli zenye ujuzi mkali wa kusafiri. Kiisha wakalinganisha ARN zake na za seli za mwanzo. Jeni chache zilikuwa zimefunguliwa zaidi, na kati yao ilikuwa jeni moja inayoitwa RhoC, inayohusu namna seli inavyovuta mwili wake na kutembea. Hawakuishia hapo. Walifungua RhoC kwa nguvu katika seli zisizosafiri sana, nazo zikasafiri. Walipozuia kazi yake, safari ikapungua. Kwa hiyo jeni hii inasaidia kusukuma, zaidi ya kuwa alama tu.

Kazi ya pili ilipanga vivimbe vya watu kwa makundi kufuatana na jeni zilizofunguliwa, na hapo jeni ya WNT5A ikaonekana kutenganisha seli zinazotembea sana na zile zinazotembea kidogo. Katika mwaka 2002 wachunguzi walionyesha kwamba WNT5A ikizidi, seli zinapenya zaidi. 

Kipimo cha milimita na kipimo cha jeni

Usifikiri kwamba wanganga wameacha njia za zamani. Katika mwaka 1970 Alexander Breslow wa Washington alionyesha kwamba unene wa melanoma, ukipimwa kwa milimita chini ya mikroskopi, unatangaza hatari yake. Isiyopita milimita 1, watu wengi wanapona kwa kukatwa peke yake. Inayopita milimita 4 ni ya kuogopesha. Munganga anatazama vilevile kama ngozi ya juu imepasuka, na kama seli zimefika kwenye tezi ya kwanza inayopokea limfu ya pahali pale. Kwa muguu, tezi hiyo kwa kawaida ni ya kinena.

Lakini watu wawili wanaweza kuwa na unene uleule, mumoja akapona na mwingine akarudi na mapafu yamejaa. Kwa sababu hii vilitengenezwa vipimo vya kusoma jeni nyingi pamoja. Kimoja kinachojulikana tangu mwaka 2015 kinasoma jeni 31 katika kipande cha uvimbe: 28 za ugonjwa wenyewe na 3 za kulinganisha. Kiisha kinamuweka mugonjwa katika kundi la hatari ndogo au la hatari kubwa. Kinatumika Marekani. Wanganga hawajapatana juu yake. Wengine wanasema kinawasaidia kujua nani anapashwa kufuatwa kwa karibu. Wengine wanasema kwa ugonjwa mwembamba hakiongezi mengi juu ya yale ambayo milimita imekwisha kusema. Mimi naona neno jingine. Wagonjwa ambao kipimo hiki kilijengwa juu yao walikuwa karibu wote watu wa ngozi nyeupe. Siwezi kumwambia mama wa kwetu mwenye doa unyayoni kwamba namba zile ni zake.

Jeni nyingine inatufaa karibu zaidi. Katika mwaka 1997, huko Bruxelles, wachunguzi walitambua jeni ya PRAME katika melanoma ya mugonjwa mumoja. Katika seli nyingi za mwili wa mutu muzima jeni hii imefungwa, na katika melanoma mara nyingi iko wazi. Tangu mwaka 2018 ilionekana kwamba inawezekana kupaka dawa ya rangi juu ya kipande chembamba cha ngozi, na protini ya PRAME ikionekana katika karibu seli zote za doa, hilo linaelekea kuwa melanoma; doa lisilo na ubaya mara nyingi linabaki bila rangi ile. Kazi hii haitaki mashine ya kuhesabu ARN. Inataka laboratwari yenye mikroskopi, dawa zile za kupaka, na mutu aliyefundishwa. Haiko katika kila muji, lakini si ndoto. Basi usidanganyike: inasaidia kujua kama doa ni melanoma, haitoshi kusema kama itasafiri.

Huku kwetu ni habari ya unyayo

Kwa wazungu melanoma nyingi zinafuata jua, nazo zinaota mugongoni na miguuni juu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi melanini inatulinda, na melanoma za namna ile ni chache. Inayobaki ni ile ya unyayo, ya kiganja, na ya chini ya ukucha. Jua halifiki pale. Katika mwaka 1967 kazi moja kutoka Uganda ilieleza habari ya madoa ya nyayo za watu na melanoma inayoota palepale.

Jeni zake nazo ni tofauti. Melanoma za jua, karibu nusu yake, zina kosa katika jeni ya BRAF, lililojulikana mwaka 2002, na tangu 2011 kuna vidonge vinavyopiga kosa lile. Katika melanoma ya unyayo kosa lile ni haba. Mara nyingi kinachoonekana humo ni vipande vizima vya maandiko vilivyonakiliwa mara nyingi kupita kawaida, kama jeni ya siklini D1 inayosukuma seli kuzaana. Nakili zikizidi, wimbo unaimbwa kwa sauti kubwa zaidi. Dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, ambazo zilileta tuzo la Nobel mwaka 2018 kwa wachunguzi James Allison na Tasuku Honjo, zimeokoa watu wengi wenye melanoma iliyokwisha kusambaa. Kwa melanoma ya unyayo zinasaidia, lakini kwa wachache zaidi. Na bei yake mukulima haiwezi.

Vijana wengi wanajua nyimbo za Bob Marley wa Jamaica. Katika mwaka 1977 alikuwa na kidonda katika kidole kikubwa cha muguu wa kuume, na watu waliona ni jeraha la mupira. Ilikuwa melanoma chini ya ukucha. Alishauriwa kukatwa kidole, naye hakukubali. Walitoa ukucha na nyama yake tu. Ugonjwa ukafika katika mapafu na ubongo, akafa huko Miami tarehe 11 mwezi wa 5, 1981, akiwa na miaka 36.

Katika vijiji vyetu watu hawasemi ni mupira. Wanasema: "Amekanyaga dawa iliyotegwa njiani." Kiisha wanatafuta aliyeitega, na jamaa inagawanyika, na muguu unazidi kuvimba. Ndugu, hakuna jirani anayeweza kufungua au kufunga jeni za unyayo wako. Seli ilikosea katika kunakili maandiko yake ilipokuwa ikizaana, na mutu wa kijiji hakuhusika.

Tazama hivi

Mwenye macho hafifu amwombe mutoto wake amutazamie. Osha miguu vizuri, maana udongo na rangi ya viatu vinadanganya. Tazama unyayo, kisigino, kati ya vidole, na kucha. Kati yetu watu wengi wana madoa madogo ya rangi unyayoni toka zamani, na hayana neno. Wengi vilevile wana mistari myeusi katika kucha nyingi, na huo ni urithi wa rangi yetu. Lakini doa moja likikua, likiwa na pembe zisizo sawa, likiwa na rangi mbili au tatu, likitoa damu au likiinuka, njoo. Mustari katika ukucha mumoja tu ukipanuka, au weusi ukitoka katika ukucha na kuingia katika ngozi ya pembeni, njoo. Kidonda cha unyayo kisichofunga katika majuma sita, hata kama si cheusi, njoo. Ukiona na uvimbe mugumu kinenani upande ule ule, usingoje mavuno yaishe.

Usilikate kwa wembe. Usilichome kwa chuma wala kwa maji ya betri. Usipake majani makali. Hayo yote yanaharibu juu na kuacha muzizi, na munganga akija kupima unene hapati cha kupima.

Kwa ninyi munaotumika katika dispanseri

Hapo musikate ninyi wenyewe. Andika barua, umupeleke mugonjwa kwa munganga, na jamaa mumoja amufuate, maana mutu peke yake anarudi njiani akiogopa kukatwa muguu. Umwambie kweli kwamba doa likiwa jembamba linakatwa lenyewe pamoja na ngozi kidogo ya kando, na muguu unabaki.

Munganga akiweza atatoa doa zima. Likiwa kubwa mno atachukua kipande pahali palipo nene zaidi. Kipande kile kiingie mara moja katika formoli ya kumi kwa mia, yaani fungu moja la formoli kali na mafungu tisa ya maji, katika chupa yenye mudomo mpana, na dawa iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kikikaa mezani mpaka jioni, ARN inavunjika na protini zinaoza, na laboratwari itapokea nyama isiyoweza kusimulia kitu. Formoli nayo inavunja ARN kidogo, lakini vipimo vipya vinajua kusoma vipande, na rangi za kupaka zinakubali vizuri. Usitumie maji ya chumvi. Usikitie katika barafu.

Katika karatasi uandike jina la mugonjwa, umri, pahali pa doa na upande, kuume au kushoto, tangu lini alianza kuliona, na kama kinena kimevimba. Andika kwa kalamu ya risasi, maana formoli ikimwagika njiani wino unafutika, nayo chupa inafika muji mukubwa bila jina.